Tarumbeta la Pili Juu ya Dungu

Jumamosi ile mliponiomba nipige kidogo, pale nyuma ya duka la Mama Neema, nilipiga mstari mmoja, nikashusha tarumbeta, nikanyamaza. Mkatazamana. Idi akagonga meza, akasema nimezeeka, nimesahau. Sikumjibu, kwa sababu jibu lake ni refu na halisemeki mbele ya mtu anayegonga meza akitaka nyimbo za zamani. Ndiyo maana nimekaa nikaandika. Someni kwa zamu, na asiyeona vizuri asomewe.

Mnanijua. Miaka kumi na nane nilikuwa tarumbeta la pili katika bendi ya kiwanda chetu cha nguo. Tarumbeta la kwanza likiita, mimi najibu. Kiongozi wetu alikuwa ananiimbia sehemu yangu kwa mdomo, naishika, naipiga vilevile kila Jumamosi mpaka nywele zikaanza kunitoka. Kiwanda kilipouzwa, mwenye kiwanda mpya hakutaka bendi. Watu wakatawanyika, wengine wakaenda Kariakoo kuuza mitumba, na mimi nikabaki na tarumbeta lenye bonde ubavuni ambalo hakuna aliyelitaka.

Nilijaribu kupiga peke yangu chumbani. Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia: sehemu ya tarumbeta la pili, ukiipiga peke yake, si wimbo. Ni kama kumsikia mtu anaongea na simu, unasikia upande mmoja tu, "ndiyo", "enhee", "hata mimi". Nilikuwa na miaka arobaini na minne na sikuwa na wimbo hata mmoja uliokamilika.

Kisha mpiga ngoma mmoja akaniambia habari za Mwalimu Kondo, mtu wa Rufiji aliyepuliza saksafoni Ulaya miaka mingi, akarudi kwao na kufungua shule katika ghala la zamani la mpunga, ndani kabisa ya delta. Watu wanakaa pale wiki tatu, wanakula na kulala hapohapo, wanapiga jazi na muziki wa mataifa mbalimbali, na hakuna karatasi. Kila mtu anabuni palepale, akiwasikiliza wenzake. Nikaandika barua. Majibu yalikuwa mafupi: vitanda ni kumi na viwili, kimoja ni chako, fika Jumamosi kabla ya adhuhuri, usipofika, kitanda anapewa mwingine.

Niliondoka Jumanne. Siku nne kwa safari ambayo kwenye ramani haizidi urefu wa kidole. Nilijiona mwerevu.

Temeke hadi Kibiti

Basi lilikuwa jipya kwetu na chakavu kwa wenzetu. Mnakumbuka miaka ile, kila aliyepata kibali alileta basi lililochoka huko ng'ambo, akalipaka rangi na kuliandika jina. Letu liliandikwa "Subira", na watu walilicheka tangu stendi.

Jirani yangu alikuwa mama mmoja mfanyabiashara wa Ikwiriri. Hupeleka ufuta na mchele Dar, na kurudi na chochote kilichoingia madukani wiki hiyo. Safari hiyo alipakata redio kaseti mbili kama mapacha. Akaniuliza ndani ya sanduku langu mna nini. Nikamwambia.

"Unakwenda kuliuza?"

Nikasema nakwenda kujifunza kulipiga.

Akalitazama sanduku, akanitazama kichwani nywele zilipopungua, akasema kwa huruma kabisa, "Kaka yangu, siku hizi muziki unauzwa umeshapigwa. Unatia kaseti, unabonyeza." Kisha akanigawia muhogo wa kuchoma, na kwa hilo nilimsamehe.

Tulipopita Mkuranga mvua za mwisho za masika zilikuwa bado hazijaamua kuondoka. Barabara ilikuwa uji. Mara mbili tulishuka kusukuma, na mara ya tatu Subira akakaa kitako, matope yakafika kwenye vitovu vya magurudumu. Utingo, kijana mwenye sauti kama filimbi ya treni, akawa anaita, "Harambee," nasi tunajibu na kusukuma. Mama wa Ikwiriri, aliyekuwa amesimama pembeni na redio zake, akaniambia baadaye kwamba katika watu wote mimi ndiye niliyejibu vizuri, sikuwahi wala sikuchelewa. Nilifurahi. Nilidhani ni sifa.

Tulilala ndani ya basi tukiwa tumeegemeana. Asubuhi trekta la watu wa barabara likatuvuta, na Jumatano mchana tukaingia Kibiti.

Kibiti

Nilianza na tumbo. Karibu na soko mama lishe mmoja alinipakulia wali wa Rufiji na kambale wa nazi, na wali ule, jamani, una harufu ambayo mchele wa mjini haujui. Nilikula sahani mbili. Nikamwuliza njia ya kwenda shule ya bweni.

Hakuwaza mara mbili. Akanielekeza, na mwendesha baiskeli aliyekuwa anakula pembeni akajitolea kunipeleka, maana naye alikuwa anapita huko. Nikafikishwa kwenye majengo mazuri yenye miti iliyopangwa, nikaingizwa ofisini kwa mwalimu wa zamu, mtu wa Mbeya kwa lafudhi yake, ambaye aliniangalia juu ya miwani na kusema, "Hatimaye mzazi umekuja."

Nilipotaka kueleza, akainua mkono. Alisema wazazi wa siku hizi wanatupa watoto bwenini kama mizigo. Alisema kijana wangu ametoroka mara tatu kwenda kuuza soda stendi, kwamba hesabu hajui, na kwamba kama nyumbani hakuna mfano wa kufuata, mwalimu afanye nini. Sikuwa na kijana. Lakini alikuwa anasema kwa uchungu wa kweli, na kila alipotua nilijikuta naitikia, "Ni kweli, mwalimu," "Hilo nalo neno." Ndivyo nilivyo. Mtu akiita, mimi najibu.

Mwishoni akafungua daftari. "Haya. Mwanafunzi ni nani?"

"Mimi."

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha, kwa aibu kidogo, akatoa chai, na ikawa yeye ndiye mtu pekee Kibiti nzima aliyejua habari za Mwalimu Kondo. Wanamuziki wale, alisema, hupita na ngoma zao, huteremka mpaka mwisho wa njia ya magari, halafu humaliza kwa mtumbwi. Kulikuwa na lori linakwenda huko kuchukua magogo ya mikoko, linaondoka saa kumi. Akanisindikiza mwenyewe. Aliponipa mkono aliniambia, "Usitoroke bweni."

Bondeni

Lori lilinishusha jioni mahali njia ilipoishia kwenye kitongoji ambacho sitakitaja, kwa sababu nimeombwa nisiwapelekee tena watu wenye matarumbeta. Nilishangaa ukimya. Nyumba zilikuwepo, milango imefungwa kwa kamba, kuku wanatembea peke yao. Mtu mmoja tu alinipokea, Bakari, mvuvi na mkulima wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mcheshi. Akanieleza kwamba mpunga unaiva, na mpunga ukiiva watu hapa huhama. Wanahamia bondeni, kwenye madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo katikati ya mashamba, na wanakaa huko kuamia, kuwafukuza ndege na ngedere mchana, nguruwe na viboko usiku. Yeye alirudi mara moja tu kufuata chumvi.

Akaniuliza kabila. Nikasema Mnyamwezi wa Tabora.

"Aa, mtani." Uso wake ukafunguka kama mlango. "Babu zako walipita hapa wamebeba mizigo. Tulidhani mmekwisha wote kwa kuchoka."

Nikamwambia tulichoka kwa sababu babu zake walikuwa wamekaa juu ya mizigo. Akacheka, akanitandikia mkeka barazani, akasema mtumbwi wa kwenda kwa Mwalimu Kondo hupatikana Ijumaa au Jumamosi. Nililala nikihesabu: kesho Alhamisi, keshokutwa Ijumaa. Siku mbili nzima mkononi.

Alhamisi alfajiri niliamka na moyo mwepesi. Ukungu ulikuwa umelala juu ya bonde, vichwa tu vya madungu vinaonekana. Bakari alikuwa ameshaondoka. Nikafikiri, mwanafunzi mwema hujinoa kabla ya darasa. Nikatoa tarumbeta, nikaelekea bondeni, nikapuliza noti moja ndefu, ndefu kadiri ya pumzi yangu yote.

Halafu bonde zima likapasuka. Makelele yalianza dungu la karibu, yakaruka la pili, yakaenda mbali kuliko nilivyoweza kuona. Kisha watu wakatokea kwenye ukungu wanakimbia, wanaume kwa wanawake, wana mikuki, mapanga, vijinga vya moto, wamelowa mpaka kiunoni, wote wananijia mimi. Mbele yao alikuwa mama mmoja wa miaka hamsini na kitu, khanga ameifunga kibwebwe, panga juu.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Nani?"

"Kiboko."

Nikasema sijaona kiboko.

"Basi nani amekufa?"

Nikasema hakuna aliyekufa, nilikuwa najinoa tu.

Pale, pembe haipulizwi ovyo. Wanayo moja, ya tandala, inatunzwa kwa mjumbe, na inalia kwa mambo mawili tu, mnyama mkubwa shambani au msiba. Ikilia, kila mtu huacha kila kitu na kukimbilia inakolia. Hakuna anayeuliza kwanza. Mtu akisita, mwenzake anakufa. Ndivyo walivyofanya, kila dungu likabaki tupu, na mama yule alipogeuka kuangalia shamba lake, ambalo ndilo lililokuwa karibu, wingu la ndege lilikuwa limeshatua juu ya mpunga.

Aliitwa Bi Mwajuma, mjane wa marehemu kaka yake Bakari. Hakupiga kelele. Alikwenda kuwafukuza ndege, akarudi, akanifungulia kiganja chake. Kilikuwa na masuke yaliyonyonywa, makapi matupu.

Nikamwomba radhi. Nikasema nitalipa.

"Sitaki pesa yako," alisema. "Wewe si mtani? Mtani akikosea anakamatwa mali." Akachukua tarumbeta mkononi mwangu kama mtu anavyochukua kikombe kitupu. "Umenitoa shambani. Utaniamia leo na kesho mpaka Jumamosi jua linatoka. Halafu utapata pembe yako."

Nikamweleza kuhusu shule, kuhusu adhuhuri ya Jumamosi, kuhusu kitanda. Alisikiliza vizuri. Watu wote walisikiliza, mikuki wameegemea.

"Kufika utafika," alisema. "Kama utafika na pembe au bila pembe, hilo liko kwako."

Watu wakacheka, na mimi nilijua kabisa kwamba wako sahihi. Utani una sheria zake, nimekulia ndani yake. Ukikamatwa mali, huendi polisi. Unalipa ulichoambiwa, na kinywa chako unakiacha kicheke.

Juu ya Dungu

Dungu la Bi Mwajuma lilikuwa na ngazi ya miti mitano, sakafu ya fito, paa la makuti na jiko la udongo kwenye kona. Kutoka hapo kamba zilikwenda pande zote za shamba, zimefungwa makopo, ukivuta yanalia. Kulikuwa na teo la kurushia na rundo la mabonge ya udongo makavu. Tarumbeta langu alilitia kwenye kikapu, akakitundika paani, mahali ambapo kila nilipoinua macho nililiona.

Kazi ya kwanza nilidhani ni makopo na teo. Kumbe kazi ni sauti. Ndege wakitaka kushuka kwako unapiga kelele, wanainuka, lakini hawaendi mbinguni, wanakwenda kwa jirani. Kwa hiyo unamwita jirani kumwambia wanakuja, naye anakujibu ili ujue amesikia na yuko macho, kisha naye anamwita wa tatu. Hivyo asubuhi hadi jioni maneno yanatembea bondeni. Na kwa kuwa siku ni ndefu, hawasemi maneno yaleyale. Wanayageuza, wanayaimba, wanatukanana kwa heshima, na hakuna anayejua mwenzake atasema nini mpaka aseme.

Mimi niliwaweza siku ya kwanza. Bakari, aliyekuwa dungu la pili, aliita kwa sauti ya kuvuta, "Mnyamwezi, mzigo unakuja, weka bega." Nikajibu, "Bega liko, kata ya kubebea imebaki kwenu." Bonde likacheka. Akaita tena, nikajibu tena. Sikukosea hata mara moja. Adhuhuri Bi Mwajuma alinipa wali na kamba wakavu wa kukaanga, nikala nikijisifu moyoni.

Alasiri Bakari alikwenda kuangalia nyavu zake. Upande wake ukawa kimya. Nikakaa, nikangoja. Ndege wakashuka kwenye kona ya shamba. Bi Mwajuma akaruka, akavuta kamba zote, akawafukuza, kisha akanigeukia.

"Ulikuwa unangoja nini?"

Nikasema hakuna aliyeita.

"Mwanaume, wewe unajua kuitika tu?" Hakuwa anatania. Alikuwa ananishangaa. "Ndege hawakungoji uulizwe."

Sikulala vizuri, na si kwa sababu ya fito. Miaka kumi na nane imepita bendini na hakuna aliyenitazama vile, mpaka mwanamke aliyenijua kwa muda wa saa tisa tu.

Ijumaa mchana ndipo mambo yalipokutana. Bi Mwajuma alikwenda nyumbani kumwona mjukuu mwenye homa. Akaniacha peke yangu, tarumbeta liko palepale kikapuni. Sijui kama alinipima au alisahau. Na saa hiyohiyo, kwenye mkono wa mto uliopita nyuma ya shamba, mtumbwi ukatokea, watu wawili na magunia, wakanisalimu. Nikawauliza wanakokwenda. Wakataja ghala la mpunga, kwa Mwalimu Kondo. Kuna nafasi, wakasema, kama nina haraka.

Nilisimama. Niliingiza mkono kikapuni, nikaligusa. Lilikuwa la moto kwa jua la paani. Ningefika Ijumaa jioni, kitanda changu kinaningoja, na kesho yake ningeanza kujifunza kile nilichokuwa nakitafuta. Niliteremka ngazi mbili, tarumbeta kifuani.

Kutoka kwenye ngazi ile nikawaona ndege. Walikuja kutoka upande wa mwitu, wengi kuliko wa Alhamisi, kama moshi unaojikunja. Bakari alikuwa ameinama dunguni kwake akikoka moto, amewapa mgongo. Mtu pekee bondeni aliyewaona alikuwa mimi, na hakuna aliyekuwa ameniita.

Nikaliweka tarumbeta kwenye fito. Nikavuta kamba za makopo kwa mikono yote miwili, wingu likayumba juu ya mpunga wa Bi Mwajuma, likageuka. Nikafungua kinywa bila kujua kitakachotoka. Kikatoka hiki, kwa sauti ya kupanda na kukatika mwishoni:

"Bakari ee, wanahamia kwako."

Halafu nikanyamaza. Ule ukimya, jamaa zangu, sijawahi kuukaa. Kwenye bendi mimi nilikuwa naujaza ukimya wa mwingine. Huu ulikuwa wangu, nimeufungua mwenyewe, na sikujua kama kuna mtu ataingia.

Bakari akainuka na teo mkononi. "Waache waje ee, nimewapikia."

Akamwita wa tatu, wa tatu akamwita wa nne, na nikasikia neno langu linakwenda likibadilikabadilika mpaka halikuwa langu tena. Wale wa mtumbwi walikuwa wameshachoka kungoja, wameondoka. Nililirudisha tarumbeta kikapuni na kuita mpaka jua lilipozama.

Bi Mwajuma aliporudi alikiangalia kikapu, akaangalia shamba. Usiku ule wali wangu ulikuwa na kipande kinono cha mkia wa kambale.

Mkono wa Mto

Jumamosi jua lilipotoa ukingo tu, alinikabidhi. Bakari alikuwa tayari na mtumbwi wake. Bi Mwajuma alitufungia chakula kwenye jani la mgomba, akaniambia nikipita kurudi nisipite kimya, ila safari hii nitoe habari kwanza.

Tungewahi. Bakari alikuwa na mikono mizuri na tulikuwa tunateleza kati ya mikoko. Lakini maji ya delta hayana miadi na mtu. Yalikuwa yanatoka, na kabla ya saa nne mtumbwi ukagusa tope na kukaa. Tulishuka kusukuma, tukazama mpaka mapajani, tukapanda tena. Kaa wekundu walitoka kwenye mashimo yao kututazama. Adhuhuri ilitukuta palepale, tumekaa juu ya tope tunakula wali baridi.

"Umeudhika," Bakari alisema.

Nikasema sijaudhika, nafikiria nitakachosema nikifika.

"Kama hujui, usiseme. Ita tu."

Maji yalirudi alasiri. Tulifika saa kumi na nusu.

Ghala lilikuwa kubwa, kuta za mawe, paa la bati lenye kutu, na ndani yake sauti zilikuwa zinatafutana: ngoma, fidla, marimba. Mwalimu Kondo alitoka barazani, mzee kidogo kuliko mimi, mrefu, saksafoni inaning'inia shingoni. Alinitazama matope yaliyonifika mapajani.

"Wewe ni wa Jumamosi adhuhuri."

Nikasema ndimi.

"Kitanda chako amekilalia mtu wa Tanga." Hakuwa mkali. "Nina vitanda kumi na viwili, na neno langu ni moja."

Nikasema sikuja kwa ajili ya kitanda. Nikamwomba anisikie, kisha aniambie nirudi, nami nitarudi. Wanafunzi walikuwa wameanza kutoka, mmoja wao dada wa Kinorwe na fidla yake chini ya kwapa. Mwalimu akanyoosha mkono: piga.

Kila sehemu niliyoijua ilinijia kichwani, zote za bendi, zote nusu. Nikaziacha zipite. Nikaweka mdomo, nikapiga kile kilichotoka kinywani mwangu Ijumaa juu ya dungu, kupanda kulekule, kukatika kulekule mwishoni. Kisha nikashusha tarumbeta na kunyamaza.

Kimya. Mmoja akanong'ona kwamba nimekwama. Mwalimu akainua kidole bila kugeuka. Niliona jasho langu linadondoka kwenye udongo na sikuinua tarumbeta. Sikuwa na zamu. Zamu ilikuwa yao.

Jibu lilitoka chini mtoni. Bakari alikuwa bado hajaondoka, ameinama anakumba maji mtumbwini, na nadhani wala hakufikiri. Aliitika tu kama anavyoitika kila siku, kwa sauti yake yote: "Waache waje ee, nimewapikia."

Nikaita tena, safari hii kwa mkunjo mwingine, na aliyenijibu ilikuwa saksafoni. Mwalimu Kondo aliingia chini yangu taratibu, akanyamaza, akaniachia. Fidla ikaingia. Hatukumaliza upesi.

Tulipomaliza alifuta mdomo wa saksafoni kwa shati. "Kitanda hakuna," alisema. "Kwenye chumba cha ngoma pana mkeka. Panya wapo."

Ghalani

Wiki tatu nililala kati ya ngoma, na usiku zikishika unyevu zilikuwa zinalia zenyewe. Asubuhi tulikula viazi vitamu na chai ya mchaichai, kisha tunakaa duara. Mwalimu hakufundisha nyimbo. Alikuwa anasema, "Piga nusu ya unachotaka, ile nusu nyingine mwachie mwenzako," na ukizidisha anakupa kazi ya kuosha sufuria. Mtu wa Tanga, aliyechukua kitanda changu, aliosha sufuria siku tisa na tukawa marafiki. Yule dada wa Kinorwe alitufundisha wimbo wa kuitia ng'ombe milimani kwao, nikamwambia nami natoka kwa wafukuza ndege. Sitawaeleza yote. Mengine hayaandikiki, na mengine bado sijayaelewa.

Nililoelewa ni hili. Miaka yote nilidhani anayeita ni mkubwa na anayejibu ni mdogo, na kwamba mimi niliumbwa mdogo. Sivyo. Anayeita ndiye anayeweza kuachwa bila jibu. Hilo tu ndilo nililokuwa naliogopa.

Kurudi

Nilipita kwa watani nikirudi. Mpunga ulikuwa umekatwa, bonde limebaki mabua, madungu yamesimama matupu. Bakari alizunguka nyumba kwa nyumba kuwaambia kwamba pembe itakayolia si kiboko wala msiba, ni yule mpagazi tu. Nikasimama palepale nilipokosea. Nikaita, nikanyamaza.

Ukimya ulikwenda mpaka kwenye mikoko ukarudi. Kisha kutoka uwanja wa kupuria, mbali, sauti ya Bi Mwajuma:

"Mnyamwezi ee, ndege wamekwisha. Njoo ule."

Nilikula wali wa mpunga ambao nusu yake niliulinda mimi. Alinipakulia na kuniambia kwamba yale masuke ya Alhamisi hajayasahau.

Sasa mmeelewa. Nyuma ya duka la Mama Neema sikuwa nimesahau. Nilikuwa nimewaita, na nilingoja, na ninyi mkadhani mzee amekwama. Jumamosi nitakuja tena na tarumbeta. Idi, lete gitaa lako, hata kama lina nyuzi nne. Nikinyamaza, usigonge meza.